Karatasi Aliyoandikishwa Sista Rukia

Sidi, mamangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Likoni kumuaga shangazi yako, na kwa foleni ya feri ninavyoijua hamtarudi kabla ya magharibi. Nimekaa mezani, nimezima redio, nimechukua daftari lako moja la chuo lililobaki na kurasa tupu. Kesho asubuhi unapanda treni Miritini kwenda Athi River. Habari za nguo za baridi, za chakula na za mwenye nyumba mama yako ameshakueleza, na anazijua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka tisa.

Nianzie siku ya sherehe yako. Watu wa kanisa walikuwa hapa, turubai limefungwa uani, wajomba zako wamekuja na mbuzi wao kutoka Kaloleni. Mchungaji akakuuliza umepata kazi hospitali gani. Ulisimama ukamjibu kwa adabu, "Si hospitali, Mchungaji. Nimepata kazi ya unesi kiwandani, kuangalia afya ya wafanyakazi." Nami nikadakia mbele ya watu wote: "Nesi wa kiwandani si nesi. Huyo ni karani wa plasta."

Watu walicheka. Wewe ulikusanya sahani ukaingia ndani. Tangu siku hiyo unaniamkia, unaniwekea chakula, ukiitwa unaitika abee, lakini hujanisimulia jambo lako hata moja. Na wewe ni mtoto uliyekuwa ukinisimulia mpaka ndoto zako.

Najua ulivyofikiri. Ulifikiri baba anaona haya kwamba bintiye hatavaa nguo nyeupe wodini. Mama yako naye alifikiri hivyo, akanigombeza chumbani. Lakini wenzako mliosoma pamoja nimewasifu mwenyewe: yule aliyekwenda kufundisha chuoni, yule anayekagua madai ya matibabu katika ofisi ya bima, na yule mrefu aliyekuwa akija kula wali hapa, ambaye sasa anazunguka vijiji vya Kilifi na watu wa utafiti wa malaria. Hakuna hata mmoja wao aliye wodini, na sikumcheka hata mmoja. Wa kwangu tu ndiye niliyemvunja moyo. Haikuwa haya, mamangu. Niliogopa. Niliogopa kwamba huko kiwandani utakutana na mtu kama mimi.

Unajua kwamba nimefanya kazi kiwanda cha misumari Changamwe tangu hujazaliwa. Unajua kelele zake, maana zimeniharibu masikio. Ni wewe uliyekuwa ukinishikia saa ya mkononi kila upande ukiniuliza kama naisikia. Usilolijua ni mambo niliyofanya nilipopandishwa kuwa supavaiza.

Wakati huo kiwanda kilikuwa na nesi, Sista Rukia, mwenyeji wa Likoni. Chumba chake kilikuwa nyuma ya stoo: kitanda kimoja, kabati la dawa, meza, na dirisha lililotazama ukuta. Mtu akiumia alikwenda kwake, naye ndiye aliyeandika kama anaweza kurudi kazini au apumzike. Karatasi hiyo ililetwa kwangu. Kila karatasi ya kupumzika ilikuwa mashine moja imesimama, na mashine ikisimama meneja aliniita mimi.

Nikaanza kidogo kidogo. Kijana mmoja alipondwa kucha, Sista akampa siku tatu. Nikamwendea na mahamri na mbaazi kutoka kwa mama aliyeuza pale getini, nikamwamkia vizuri, nikamuulizia mamake mgonjwa. Kisha nikasema, "Sista, tatu nyingi. Kucha tu ile." Akacheka, akafuta, akaandika moja. Wiki nyingine nikaja tena kwa sababu ya mtu wa mgongo. Tena kwa mtu wa macho. Sikuwahi kumfokea. Nilikuwa mtu mzuri, Sidi, nataka ulielewe hilo. Ungeniuliza wakati ule ningekwambia mimi na Sista Rukia tunaelewana sana.

Kulikuwa na fundi wa mashine jina lake Chengo, mtu wa Rabai, mpole, hodari kuliko wote. Mashine ile inavuta waya, inaugonga kichwa, inaukata ncha, yote kwa mara moja, na Chengo aliweza kujua kwa mlio tu kwamba kisu kimeanza kuwa butu. Siku moja wakati wa chai alianguka chini, akatetemeka, povu likamtoka. Kifafa. Hakuwahi kumwambia mtu. Sista Rukia alimlaza ubavu, akawafukuza watu waliotaka kumtia kijiko mdomoni, akakaa naye sakafuni mpaka alipozinduka. Kisha akaandika: asikaribie mashine yoyote mpaka daktari amwone na dawa zimkae mwilini. Apelekwe upande wa kufunga paketi.

Siku ya pili Chengo alinifuata chooni, mahali ambapo hatungeonekana.

"Ndugu yangu Kazungu, kule paketi hakuna ovataimu. Nina watoto wanne. Nisaidie nirudi mashineni."

"Na ugonjwa?"

"Umenishika mara mbili tu tangu nizaliwe. Nakula dawa. Niombee kwa Sista, wewe anakusikia."

Nimeyashika maneno yake haya miaka yote kama ngao. Kila nikijilaumu nilijiambia, si ni mwenyewe aliomba? Ni kweli aliomba. Lakini mimi nilikuwa na sababu zangu: mzigo wa misumari uliotakiwa bandarini ulikuwa umechelewa, na mashine ya Chengo hakuna aliyeiweza kama yeye. Ombi lake lilinifaa. Hilo ndilo la kuogopa, mamangu. Huko uendako, mgonjwa mwenyewe atakuja kukuomba umwandikie kwamba ni mzima. Hatakuja kwa ubaya. Atakutajia ada ya shule na kodi ya nyumba, na atakuwa anasema kweli. Na nyuma yake, bila wewe kumwona, atakuwa amesimama mtu kama mimi.

Nilikwenda kwa Sista Rukia na mahamri. Safari hii hakuyagusa.

"Hili siwezi, Bwana Kazungu," alisema. "Kucha ni kucha. Hili ni uhai wa mtu."

"Mwenyewe anataka."

"Akitaka nimpe sumu nitampa?"

Nikakaa. Nikamweleza habari za mzigo. Akatikisa kichwa. Nikamweleza habari za watoto wa Chengo. Nikaona zimemgusa, lakini bado akatikisa kichwa. Basi ndipo nikasema maneno ambayo sijamwambia mtu mpaka mwezi huu. Nilisema kwa sauti ya chini, tena ya upole:

"Sista, mkataba wako unaisha mwezi ujao. Meneja ataniuliza mimi kama unafaa."

Alitazama dirishani, kwenye ule ukuta. Mamake alikuwa hospitali wakati huo, nami nilijua, maana kila nikienda nilimuulizia. Akavuta karatasi mpya. Akaandika kwamba Chengo anaweza kurudi kwenye kazi yake ya kawaida, akatia sahihi. Hakunikabidhi mkononi. Aliiweka mezani, nami nikaiokota.

Siku kumi na moja zikapita. Nilikuwa nimetoka tu kuongea na Chengo kwa ishara za vidole, kama tulivyozoea kwa sababu ya kelele. Aliniuliza saa ngapi, nikamwonyesha nne. Nikageuka. Sikusikia kitu. Niliona watu wa mbele yangu wakikimbia kuelekea nyuma yangu. Alianguka kwa mbele, mkono wa kulia ukaingia mashineni. Alibakiwa na kidole gumba. Sitakueleza zaidi, wewe umesoma, unajua.

Kesho yake tuliitwa ofisini kwa meneja, mimi na Sista Rukia. Meneja akauliza, "Nani alimruhusu mtu wa kifafa kurudi mashineni?"

Sidi, palikuwa na nafasi pale. Nakumbuka feni ikizunguka. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema neno moja. Nikasema, "Sista ndiye aliyeandika. Karatasi ninayo."

Nikaitoa mfukoni nikaiweka mezani.

Meneja akamgeukia. "Huu ni mkono wako?"

"Ni mkono wangu," akasema. Akangoja. Sasa najua alikuwa ananingojea mimi. Alipoona kimya, akachukua mkoba wake, na hakurudi tena getini kwetu. Mimi nilibaki. Wewe ulikuwa umeingia kidato cha kwanza mwaka ule. Kazi niliyoiokoa kwa kimya kile ndiyo iliyokusomesha mpaka ukawa nesi. Unaona kwa nini sikuweza kukutazama usoni uliposema unakwenda kuwa nesi wa kiwanda?

Ulishaniambia sababu zako, kabla ya sherehe, tulipokaa barazani. Ulikuwa umemaliza mazoezi wodini, na ulinisimulia habari za mzee mpakuzi wa makasha bandarini aliyeletwa mgongo umevunjika, ambaye ulimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili kwa mwezi mzima. Ukasema, "Baba, nimechoka kuwapokea watu wameshavunjika. Nataka niwepo kabla." Nililisikia neno hilo "kabla" nikahisi baridi. Maana huko kabla ndiko nilikokuwa mimi. Wodini mtu akija anavuja damu hakuna anayekubishia kwamba ni mgonjwa. Kiwandani utasema "huyu ataumia", na mtu mwenye afya kabisa atakuwa amesimama mbele yako, anatabasamu, na wote watakuona mchawi unayemtabiria mabaya.

Baada ya sherehe sikupata raha. Nikaanza kumtafuta Sista Rukia. Yule mama wa mahamri bado yupo getini, na alijua anapokaa, karibu na njia ya kwenda Shelly Beach. Nilikwenda Jumamosi moja, nikawaambia nyinyi nakwenda mazishini. Nilimkuta si kwake, bali nyumba ya tatu, kwa mzee mmoja aliyepooza. Nilibisha hodi, akatazama, akanitambua.

"Vua viatu, kaa hapo. Nimalize na mzee."

Nikakaa kwenye mkeka. Alikuwa akimsafisha yule mzee kidonda cha mgongoni, polepole, huku akimsimulia bei ya samaki. Alipomaliza alimfundisha mkwewe namna ya kumgeuza bila kujiumiza mwenyewe, akamfanya arudie mara mbili. Kisha akanawa, tukatoka nje.

Aliniambia kwamba baada ya kuondoka kwetu alikaa miaka miwili hashiki kazi ya unesi, aliuza madera. Baadaye akajiunga na kikundi kidogo kinachowahudumia majumbani watu wasioweza kutoka kitandani. "Hapa hakuna supavaiza," alisema, na hakucheka.

Nikamwambia nilichokwenda kumwambia. Nililia, sikuficha. Akaniacha nimalize.

"Unataka nikusamehe?"

"Ndiyo, Sista."

"Ili ulale?"

Nikafuta uso kwa kiganja.

"Wallahi, Bwana Kazungu, samahani yako nimeisikia. Kuijibu bado. Lakini kuna jambo. Chengo anaamini mimi ndiye niliyemuuza, kwamba niliandika kumpendeza meneja bila kujali uhai wake. Nilikwenda kumwona hospitali, akageukia ukuta. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko kazi. Ulikokuja siko. Nenda kwake."

Ndipo nikamwambia kwamba nina binti, nesi, anakwenda kiwandani Athi River. Uso wake ukabadilika. Akauliza jina lako. Nikamwambia Sidi, jina la mamangu mzazi. Kisha akanipa maneno niyalete kwako. Nayaandika kama alivyoyasema, maana ni ya nesi kwa nesi, mimi ni mchukuzi tu:

"Mwambie daftari lake alifungie na ufunguo akae nao mwenyewe. Mtu akija kumwomba abadilishe alichoandika, achukue kalamu aandike jina la mtu huyo na saa aliyokuja, pale pale mbele ya macho yake. Wengi watakumbuka kwamba wana kazi nyingine. Na asikae peke yake. Mimi sikuwa na nesi hata mmoja wa kumpigia simu siku ile. Viwanda vya huko ni vingi, ana wenzake nyuma ya kila ukuta. Awatafute wiki ya kwanza, asingoje shida. Anayekuja kwa ukali hatamsumbua sana. Amwangalie anayekuja na mahamri."

Nikamuuliza kama angekuwa wewe angekwenda. Nilitumaini atasema hapana, nije nikuzuie kwa kinywa chake. Akasema, "Ningekwenda. Wangekuwa na nesi mwenye msimamo siku ile, Chengo angekuwa na mkono." Akarudi ndani kwa mzee.

Kwa Chengo nilichelewa wiki nzima nikitafuta visingizio. Nilimweleza mama yako kwanza. Alisikiliza yote, akanyanyuka akaenda kukaa jikoni, na mpaka leo ananisemesha kwa mkato, ila chai ananipikia. Alhamisi nikaenda Rabai.

Nilimkuta Chengo uani kwake akipukuchua mahindi, gunzi amelibana kwa magoti, anasukuma kwa mkono wa kushoto. Alifurahi kuniona, Sidi. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Aliita mkewe alete kiti. Nikamwomba aniache nisimame.

Nilimweleza. Chumba kile, mzigo, mkataba, mamake Sista hospitali. Nikamwambia maneno niliyoyasema kama nilivyokuandikia, na kwamba ofisini nilinyamaza. Hakunikatiza. Mahindi yaliacha kudondoka.

"Miaka tisa," akasema. "Kila asubuhi nikifunga vifungo vya shati namlaani yule mwanamke. Kila asubuhi, Kazungu."

"Najua."

"Hujui. Watoto wangu nimewafundisha jina lake."

Nikamwambia jina la kuwafundisha ni langu. Akanitazama, na sikuona hasira ambayo nilikuwa nimejiandaa nayo. Niliona mtu aliyechoka. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Nipe namba yake."

Nikampa. Akatoa simu, akabonyeza kwa kidole gumba cha mkono huo huo, akaiweka sikioni. Ilipopokelewa aliinuka, gunzi likaanguka. Akaibana simu vizuri sikioni. Mwishowe akasema, "Sista, ni Chengo wa mashine ya tatu," kisha akaniashiria kwa kichwa niondoke. Nikatoka. Sijui waliongea nini. Hakunisindikiza, wala hajanipigia simu, nami sitegemei.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya maneno yangu siku ya sherehe. Nilikuita karani wa plasta kwa sababu nilitaka kazi ile ionekane ndogo. Ikiwa ndogo, na nilichokifanya kinakuwa kidogo. Nakuomba radhi. Mchungaji na wajomba zako nitawaambia mwenyewe, mmoja mmoja, kwamba nilikosea. Hilo sitamwachia mama yako.

Nenda, mamangu. Sikwambii uwe jasiri kila siku, mimi sikuweza hata siku moja. Lakini ukifukuzwa kwa sababu ulikataa kutia sahihi, usinifiche, na usipande gari usiku kama mwizi. Rudi mchana, watu wakuone, na yeyote atakayeuliza nitamjibu mimi.

Barua hii nitaiweka kitandani kwako. Isome leo, usiibebe ukaisome ndani ya treni. Huko njiani, ukishanipa mgongo, utanihurumia kwa sababu ni babako na uko mbali, nami sitaki huruma ya namna hiyo. Isome hapa hapa, mpaka mwisho, kisha utoke. Nitakuwa nimekaa uani. Useme lolote ulilo nalo, hata kama ni zito, hata kama mama yako na majirani watasikia. Safari hii sitanyamaza.

Baba yako aliyekuzaa na anayekutumainia,
Kazungu